Sindano Uliyoiagiza Imefika

Bwana Sudi,

Sindano imefika. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata hujaitikia salamu yangu. Imefika, ni yenyewe hasa, imeingia kwenye kichwa cha gramafoni bila kulegea, na jana mchana imepiga santuri ya mtu ambaye hukuwahi kumwona. Nilitaka kuandika kwamba umechelewa. Sijui nani amechelewa. Wewe uliondoka, yenyewe ikaja, na mimi nimebaki hapa katikati nikiwa na habari ambayo sina wa kumpa.

Kwa hiyo nakuandikia.

Kasulu ipo. Vumbi lilikuwa lile lile mpaka wiki hii mvua ilipoanza. Duka lako si duka la vitambaa tena. Mwanao mkubwa alikuja kutoka Dar, akakaa mpaka arobaini ikasomwa, akauza majora yote kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa hapa mjini, na chumba akakipangisha. Simlaumu. Maisha yake yako huko. Sasa wanauza simu na kutoa na kuweka pesa, na vijana wa mle ndani wana spika kubwa mlangoni inayopiga kuanzia wanapofungua mpaka wanapofunga. Baraza wameiweka vigae vyeupe. Cherehani yangu ingeteleza pale, walisema, tena ingeziba mlango. Waliniambia kwa adabu, nami nikahama kwa adabu.

Nashonea nyumbani siku hizi, kwenye chumba cha mbele. Wateja wa zamani wanakuja, wale wa kupita njiani hawaji. Hilo nalimudu. Nisichokimudu ni mgongo wangu. Miaka yote ile mimi nilikuwa nimeitazama barabara na wewe ulikuwa nyuma yangu, kwenye kiti chako kati ya majora ya vitenge. Sikuwa nakutazama, nilikuwa nakusikia tu. Mkasi wako, kikohozi chako, radio ukiizima adhana ikianza, na lile neno lako: "Fundi, njoo usikilize." Sasa cherehani ikinyamaza, nyuma yangu kuna ukuta. Wakati mwingine naendelea kukanyaga pedali hata kama hakuna nguo chini ya sindano, ili kusiwe kimya.

Gramafoni iko kwangu. Mwanahawa ndiye aliyeileta. Siku ya kukomba duka, kaka yake alikuwa ameitoa nje pamoja na feni mbovu na kile kiti kilichovunjika mguu. Binti yako aliifunga kwenye kitenge kama mtoto, akaja nayo mpaka hapa akilia. Akaniambia, "Mama Skola, ikibaki pale itaishia kwa wanunua vyuma chakavu. Baba hakuwahi kumruhusu mtu aiguse ila wewe." Kesho yake akaleta amplifaya, spika zote mbili, na santuri kwenye yale maboksi yenu ya sabuni. Nilimwambia amwulize kaka yake kwanza. Akasema ameshauliza, kaka kasema zile sahani nyeusi hazina kazi.

Nikaziweka zikiwa zimesimama wima, Bwana Sudi. Sikuzilaza moja juu ya nyingine. Nilikumbuka.

Unakumbuka nilivyokuwa siijui hata kuitaja? "Gilamafoni." Ulicheka mpaka ukashika meza. Baba yangu na mama yangu walivuka kutoka Burundi na Kirundi chao, na hapa nimekulia kwenye Kiha, Kiswahili nimejifunzia sokoni, na wewe babu yako katoka Pangani, Kiswahili umenyonya. Kwa muda mrefu kila mteja aliyeingia ulimwambia, "Huyu fundi wangu ana gilamafoni." Nilikasirika kidogo mwanzoni. Leo ningetoa sijui nini unicheke tena.

Mikono yako ilipoanza kutetemeka ndipo ukaniita ndani. Ulisema, "Fundi, wewe unatia uzi kwenye sindano bila miwani. Njoo unisaidie na hii." Nilidhani unataka nikushonee kitu. Ukanyanyua ule mkono mwembamba wa gramafoni, ukanionyesha chini ya kichwa chake. Kulikuwa na kitu kama unywele wa chuma, na mwisho wake nukta inayong'aa. Na kwenye nukta ile limening'inia bonge la manyoya ya kitambaa, ya bluu, ya kitenge ulichokuwa umekikata asubuhi. Duka la vitambaa na santuri haviivani, ulisema. Kila uzi unaoruka unatua kwenye mfereji wa santuri, na sindano inazoa zote.

Nikalitoa lile bonge kwa brashi yako laini, kutoka nyuma kuja mbele, kama ulivyonielekeza, nisiuvute ule unywele pembeni. Mkono wangu haukutikisika. Ulinitazama, ukasema "haya," ukaenda kutuagizia chai.

Baada ya hapo ulinifundisha vyote. Kila alasiri wateja wakipungua. Mimi nilikuwa naamini sauti iko ndani ya boksi, na ile sahani ni ya kuwashia tu. Ukanipa lenzi ya fundi saa aliyokuachia baba yako, ukaniambia nitazame. Nikaona mifereji. Nikasema ni mingi. Ukasema, "Ni mmoja tu, Fundi. Unaanzia ukingoni, unazunguka, unazunguka, mpaka unaishia katikati. Wimbo mzima ni mfereji mmoja." Nilibisha. Nikaufuata kwa jicho mpaka machozi yakanitoka, nikakubali.

Ukaniambia sindano yangu ya cherehani inatoboa, hii ya kwako haitoboi. Hii inapita tu. Inakaa katikati ya kuta mbili za mfereji, na kuta zile hazikunyooka, zina vilima na mabonde madogo kuliko vumbi, na kila kilima kinausukuma ule unywele huku na huku. Sikuelewa. Ndipo ukasema lile la basi: "Umewahi kwenda Kibondo wakati wa masika kabla ya lami? Barabara haisemi kitu. Lakini ukimtazama abiria anavyorushwa, mabega yake yanakueleza kila shimo." Sindano ndiye abiria. Na ndani ya kichwa, ulisema, amefungiwa kisumaku kidogo kuliko punje ya ulezi, na pembeni yake kuna nyaya nyembamba zimeviringwa kama uzi kwenye bobini. Abiria akirushwa, sumaku inatikisika. Sumaku ikitikisika, nyaya zinapata umeme kidogo, kidogo sana, usioweza kumshtua hata mbu. Huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya kukuzwa, na spika inatikisika vile vile alivyotikisika abiria.

Halafu ukafanya jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Ulizima amplifaya. Santuri ikawa inazunguka, sindano iko juu yake, spika kimya kabisa. Ukaniambia niinamishe sikio karibu. Nikainama. Na pale kwenye sindano yenyewe, bila umeme, bila spika, kulikuwa na mwanamke anaimba. Mdogo, mdogo, kama anaimba kijiji cha pili. Niliinuka nikakutazama, na wewe ulikuwa unatabasamu kama mtu aliyenionyesha mtoto wake mchanga.

Siku hiyo sikushona tena.

Kisha ikaja ile miezi ya mwisho. Wewe ndiye uliyesikia kwanza. Ulisema herufi "s" zimeanza kukwaruza. Mwimbaji akisema "sasa" ilitoka kama mafuta yanayokaangwa. Nikatazama kwa lenzi nikaona nukta imelika pande mbili, imebaki na kingo kama patasi. Almasi, ulisema, lakini hata almasi inachakaa ikisuguliwa maisha yake yote. Na sindano ya namna hiyo haipiti tena kwenye mfereji, inachonga kuta. Kila ukiipiga santuri, inaondoka na kipande cha wimbo, na kipande hicho hakirudi. Ukanyanyua mkono wa gramafoni ukaufunga kwenye kishikizo chake. Hukupiga tena. Uliagiza sindano kwa ndugu yako Bi Zainabu wa Kibondo, maana mwanawe huwa anakwenda Dar kuchukua mizigo. Ukawa unangoja. Duka likawa kimya, nikawa nasikia mkasi wako tu.

Na asubuhi ile ya kiangazi hukufungua. Nilifagia baraza, nikatia cherehani mafuta, nikangoja. Nilidhani umepitia benki. Mwanahawa akaja anakimbia bila viatu, nikajua kabla hajafungua mdomo. Presha, walisema. Ulikuwa unajiandaa kwa swala ya alfajiri.

Walikuzika siku hiyo hiyo, kama mnavyofanya ninyi. Kwetu tungekesha na wewe. Mimi nilikaa na wanawake ndani, kwenye mkeka, na kanga niliyoazimwa kichwani, nikiitikia nisichokijua. Jeneza lilipotoka sikuweza kufuata. Wanaume walikwenda mbio na wewe, nami nikabaki nasikiliza hatua zao zikipungua barabarani. Sikukuaga. Pengine ndiyo sababu barua hii ni ndefu.

Sasa nikwambie habari za Esperansi.

Alikuja mwezi uliopita. Mwanamke wa makamo kama mimi, Mkongomani, anaishi kambini Nyarugusu tangu ujana wake. Alikuwa na kibali cha kuja hospitali kwa ajili ya mkono wake uliovunjika, akatumia saa aliyobaki nayo kutafuta duka lako. Vijana wa simu wakamwelekeza kwangu. Alisimama mlangoni akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa unga, na kitambaa ndani, na gazeti ndani ya kitambaa.

"Mwiriwe, mama," akanisalimu kwa lugha ya kwetu, halafu akaendelea kwa Kiswahili chao: "Niko natafuta papa mwenye alikuwa na masini ya diski."

Nikamwambia papa amefariki. Akainamisha kichwa. Halafu akafungua mzigo wake. Ilikuwa santuri ndogo, ya zile zenye tundu kubwa katikati, karatasi yake imefutika maandishi. "Baba yangu njo anapigaka gitare humu," akasema; "njo" yao ndiyo "ndiye" yetu. "Walifanyaka hii moja tu. Vita ikatokea, yeye akabaki kule, mama yangu akakimbia mu pori na hii na mimi mgongoni. Sijaisikiaka hata siku moja."

Umri wote ule, Bwana Sudi. Ujanani ameibeba kuvuka ziwa kuja huku, ameiweka chini ya godoro, ameikinga na mvua, na hajawahi kuisikia. Mama yake amekufa kambini akimwambia tu: wimbo ni mzuri.

Nikaitazama kwa lenzi. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu upande wa kwanza, na mchanga mwingi, lakini kuta zilikuwa nzima. Haikuwa imepigwa mara nyingi. Nikaitazama na sindano yako iliyolika. Nikamwambia siwezi.

Alifikiri nataka nibembelezwe. "Piga tu mara moja, mama. Mara moja haiwezi kuiharibu." Nikamweleza. Nikamwonyesha lenzi, akatazama, lakini mtu asiyejua atazame nini anaona weusi tu. Akaniambia safari yao imekubaliwa, wanapelekwa nchi ya mbali yenye baridi, amebakiwa na siku moja ya hospitali kisha hatapata kibali kingine. Nikamwambia hata hivyo siwezi. Sauti yangu ilikuwa ngumu, niliisikia mwenyewe. Akaifunga santuri yake, gazeti, kitambaa, mfuko. Akasema, "Kumbe muko wote sawa tu," akaondoka.

Nilikaa na neno hilo. Ningekuwa na wewe nyuma yangu ungesema umefanya vizuri, Fundi, au ungesema umefanya vibaya. Chochote. Nilikaa na cherehani nikashona gauni la watu na kulishona upande usio wake.

Ndipo nikakumbuka kwamba uliagiza. Sijui kwa nini sikuwahi kuuliza. Nadhani niliona kwamba mtu akifa na alivyoviagiza vinakufa. Nikaomba namba kwa Mwanahawa, nikampigia Bi Zainabu Kibondo, nikaanza kujieleza mimi ni nani. Akanikatiza. "Wewe ndiye Fundi? Mwanangu, kile kisindano kiko hapa kabatini tangu mwezi aliokufa. Kilifika wiki ya pili ya msiba. Nikasema nimpe nani? Nikikiona nalia, nikakifunika."

Nikapanda basi kesho yake. Lami imefika sehemu kubwa, ungeshangaa, abiria tunakaa kama tuko sebuleni. Nilikuwa nakwenda Kibondo mara ya kwanza bila kukuuliza nikuletee nini. Bi Zainabu ni mfupi kama ulivyonisimulia, na nyumba yake inanukia udi mpaka barabarani. Alinilisha wali na samaki migebuka wa mawese, akanikatalia kuondoka kabla sijala tena. Kisha akaleta kikopo cha plastiki kidogo kuliko kiberiti, akakiweka mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Alinipigia mara tatu kuhusu hiki," akasema. "Nikamwambia Sudi, macho yako na mikono yako imekwisha, utaibadilishaje? Akanijibu, kwani ni mimi nitakayeibadilisha? Kuna mtu pale dukani, yule akishika kitu mkono wake unatulia."

Hukuwahi kuniambia hivyo. Siku zote ulisema tu "haya" na kuagiza chai. Nililia pale kwa Bi Zainabu mbele ya sahani ya wali, na yeye akalia, tukalia watu wawili ambao hatukuwa tumewahi kuonana, kwa ajili yako.

Niliporudi niliiweka mchana, dirishani, kwenye mwanga. Nikaivuta ile ya zamani mbele, ikatoka. Mpya nikaiingiza kwenye mdomo wa kichwa taratibu mpaka nikasikia "tiki." Nikauzungusha ule uzito wa nyuma mpaka mkono wa gramafoni ukaelea wenyewe hewani, haupandi haushuki, kisha nikaongeza kidogo kama ulivyokuwa unafanya. Ikiwa nyepesi mno inarukaruka na kugonga kuta, ulisema, ikiwa nzito mno inalima. Sikuwa na kile kidude chako cha kupimia, nadhani kilitupwa pamoja na vitu vya mezani. Nilipima kwa kukumbuka. Nikajaribu kwa santuri yako ile iliyopinda ambayo hukuipenda. Mwimbaji akasema "sasa" na ikatoka "sasa."

Niligeuka upesi, Bwana Sudi. Niligeuka kukuambia. Nikaona ukuta.

Kisha nikawa sina namna ya kumpata Esperansi. Sikumwuliza namba. Nilijua tu kwamba ana siku moja ya hospitali. Nikawa nakwenda pale asubuhi kila siku ya kliniki ya mifupa na kazi yangu ya mkono, nashonea vifungo kwenye benchi, natazama wanaoshuka kwenye gari la kambini. Manesi walidhani nina mgonjwa. Jana alishuka. Aliponiona alitazama pembeni. Nikamwendea nikamwambia, "Sindano imefika." Alisimama kama hajanielewa, halafu akanishika bega kwa mkono wake mzima, akanibana.

Walimtoa plasta, akaja nyumbani. Alikuwa na muda mfupi. Santuri yake nilikuwa bado sijaiosha, nikaiosha mbele yake, maji na tone la sabuni, kufuata mzunguko wa mfereji, na kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi. Alinitazama kama anamtazama nesi. Tundu lake kubwa nililiandalia kigogo cha mbao cha kuviringia uzi, nilikuwa nimekichonga na kukisugua mpaka kikakaa katikati sawasawa. Nikabadili mwendo wa kuzunguka. Nikamwambia akae. Hakukaa.

Upande wa kwanza kulikuwa na kile kisu cha mkwaruzo, "tak, tak," kila mzunguko, na nyuma yake bendi. Mtu anaimba, sauti nzuri, nyembamba. Esperansi akauliza, "Huyu njo yeye?" Mimi ningejuaje? Kisha akajijibu mwenyewe: "Hapana. Baba haimbaka." Magitaa yalikuwa mawili, yanafuatana, na hakujua lipi ni la baba yake. Nilimwona akisikiliza hili, kisha lile, uso umekaza. Wimbo ukaisha. Sindano ikaingia kwenye mfereji wa mwisho ikawa inazunguka bure. Akasema polepole, "Ni mzuri," kama mtu anayeshukuru kwa chakula kisichomtosha. Nilihisi nimemwibia kitu. Umri wote ule chini ya godoro alikuwa na baba, na sasa nimempa magitaa mawili.

Nikaigeuza.

Upande wa pili wimbo ni wa kasi. Ukifika katikati, mwimbaji ananyamaza, magitaa yanabaki peke yake, na moja linakimbia mbele, linakimbia, mpaka linakosea. Linakosea kabisa, hata mimi nimesikia. Na pale pale, karibu na maikrofoni, mwanamume anacheka. Kicheko kifupi cha kupandia juu, kama mtu anayekwea ngazi na kuteleza. Halafu anaendelea kupiga.

Esperansi alicheka. Sidhani alikusudia. Alipigwa na furaha ile ya mtu anayekosea, akacheka. Na kicheko chake kilikuwa kile kile, Bwana Sudi. Kinapanda vile vile, kinateleza pale pale. Nikaganda na mkono wangu hewani. Nikamwambia, "Mama Esperansi, umejisikia?" Hakuwa amejisikia. Nikanyanyua sindano, nikairudisha nyuma kidogo, nikaishusha. Gitaa likakimbia, likakosea, yule mtu akacheka. Ndipo akakisikia kicheko chake ndani ya kile.

"Njo yeye," akasema. "Mama we, njo yeye." Akaweka kiganja kwenye kitambaa cha spika, akakiacha pale mpaka wimbo ukaisha.

Tukairudia, akairekodi kwenye simu yake. Hatukurudia mara nyingi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema basi, isije ikachoka. Akaifunga vile vile, gazeti, kitambaa, mfuko. Mlangoni akasema, "Aksanti kwa kunikatalia ile siku." Nilimsindikiza mpaka kwenye gari lao, nikasimama mpaka lilipokata kona ya kwenda Makere, njia ya kambini. Atakuwa kwenye baridi hiyo siku si nyingi. Sitamwona tena.

Nikarudi nikakaa. Ndipo lilipoingia hili ambalo ndilo hasa limenifanya nishike kalamu.

Ndani ya yale maboksi yako kuna sauti za watu nisiowajua, wengi wamekufa, na kila mmoja naweza kumwamsha kwa kushusha sindano. Wewe sina. Hukupenda kutuma sauti kwenye simu, ulisema ni kuzungumza na ukuta. Ulikuwa unapiga, unasema, unakata. Nikampigia Mwanahawa, nikamwuliza kama ana chochote. Akatafuta. Leo asubuhi amenitumia video ya harusi ya binamu yake. Uko nyuma, kwenye kanzu, unafuta jasho, na mtu mmoja anakuinamia kukuuliza jambo, nawe unamjibu. Midomo yako inakwenda. Lakini muziki wa harusi umefunika kila kitu. Nimetia waya za masikioni, nimeitazama tena na tena. Nimejifunza kwako kusikia vitu vidogo sana, na hiki sikisikii. Sijui ulikuwa unasema nini.

Nimeizima. Nimemwomba Mwanahawa aje kwangu likizo hii. Amesema atakuja. Ana mikono yako, ya kabla haijaanza kutetemeka, nimeiona alipokuwa anafungua kile kitenge. Nitamkalisha dirishani, nimpe lenzi, nimwache abishe mpaka akubali kwamba mfereji ni mmoja. Na yeye atanisimulia ulivyokuwa nyumbani, ulivyokuwa unaongea pale ambapo mimi sikuwepo. Mimi nitamsimulia dukani. Ndivyo tutakavyofanya.

Nakuahidi kwamba santuri zako hazitakaa kimya kwa kuogopa zisichakae. Zitapigwa, taratibu, na sindano safi, na mtu akisimama barabarani kusikiliza nitamkaribisha ndani. Na wanaume wakishamaliza kusafisha makaburi yenu, Mwanahawa atanipeleka nikuone. Nitasimama nje ya uzio kama wataona ni vema, sitajali.

Pumzika, Bwana Sudi. Mungu akupe mwanga huko uliko. Mvua imeshika sasa, bati linapiga kelele, na nina sare za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu.

Mimi, Fundi wako,

Skolastika